Edsger Dijkstra, mutu mwenye alifundisha ordinatere kuitika kengele

Wasomaji wetu, tuanze na kitu chenye kinapatikana karibu mu kila nyumba. Mutoto anasikiliza muziki mu telefone ya baba. Mara mwito unaingia. Muziki inanyamaza, telefone inalia, baba anasema na mutu wa kazi, anamaliza. Kisha muziki inaendelea pale pale penye ilikuwa imekatika, hata neno moja la wimbo halikupotea. Hakuna mwenye kushangaa.

Lakini tujaribu kufanya ile kazi sisi wenyewe. Kapita anaandika majina ya ekipe mu kitabu, amefika ku jina la 14. Mwenzake anamuita, anaenda, wanasemezana, anarudi. Mara nyingi ataruka jina moja, ao ataandika jina moja mara mbili. Yeye ni mutu mwenye macho na akili, lakini fasi yenye alikuwa amefikia imemupotea. Sasa mashini, yenye haina akili hata kidogo, inafanya namna gani kusudi ikatishwe kazi yake mara maelfu na maelfu kwa siku, na isipoteze kitu?

Kati ya watu wenye walitoa jibu la lile ulizo, iko mumoja mwenye aliliogopa kwanza. Jina lake Edsger Dijkstra. Linatamkwa karibu na Daikstra. Alikuwa Muholanzi, na alikufa mwaka wa 2002. Vijana wenye kusoma enformatike wanamujua juu ya hesabu yake ya njia fupi. Sisi leo tutasema zaidi juu ya kazi yake ingine, yenye haitajwi sana, na tunaona njo ilimufanya kuwa ule mutu mwenye alikuwa.

Alizaliwa tarehe 11 Mei 1930 mu muji wa Rotterdam, muji wa bandari. Baba yake alikuwa mwalimu wa kemia, na alikuwa mukubwa wa chama cha watu wa kemia wa Uholanzi. Mama yake alijua hesabu sana, hata kama hakufanya kazi ya mushahara mu ile elimu. Walikuwa watoto ine, yeye wa tatu. Siku tatu tu kisha kutimiza miaka 10, tarehe 14 Mei 1940, ndege za Wajerumani zilibomoa katikati ya muji wake kwa mabomu, na moto ulimaliza kile chenye kilibaki. Uholanzi ikakaa miaka mitano chini ya Wajerumani, na mwisho wa vita ilikuwa njaa kali. Mutoto akakomalia mu mambo ile.

Kisha vita alitaka kusoma sheria. Alikuwa na ndoto ya kusimamia inchi yake mu Umoja wa Mataifa. Lakini alimaliza masomo ya sekondari mu 1948 na pointi za juu sana mu hesabu na sayansi, na walimu pamoja na wazazi wakamuelekeza kule. Akaingia mu iniversite ya Leiden kusoma fizike.

Mu 1951 baba yake aliona tangazo la masomo ya majuma matatu kule Cambridge, Uingereza, juu ya namna ya kuandika programu za ordinatere. Wakati ule ordinatere ilikuwa mashini ya kujaza chumba kizima, na mu Ulaya yote zilikuwa za kuhesabia ku vidole. Kijana akaenda. Kisha kurudi, Adriaan van Wijngaarden, mukubwa wa kazi ya kuhesabu mu Mathematisch Centrum ya Amsterdam, akamupa kazi. Alianza mu Machi 1952, siku zingine kule Amsterdam, siku zingine ku masomo Leiden.

Ile kazi haikuwa na jina mu inchi yake, na ilimusumbua. Daktari anajua dawa, mutu wa fizike anajua fizike. Mutu wa programu, wakimuuliza anajua nini, atajibu nini? Mu 1955 alienda kufungua roho kwa van Wijngaarden. Mukubwa wake hakumudanganya: alikubali kwamba kweli ile elimu bado haiko. Lakini alimuambia pia kwamba zile mashini hazitatoka tena duniani, na kwamba pengine yeye Dijkstra njo atakuwa mumoja wa wale wenye wataifanya ile kazi ikuwe elimu ya kuheshimiwa. Kijana akatoka mu ile ofisi akiwa amekwisha kukata shauri.

Serikali ilikuwa bado. Mu 1957, wakati alioa bibi yake Maria Debets, sheria ya Uholanzi iliomba mwanaume aseme kazi yake. Akasema ni mutu wa programu. Wakakataa, juu hakukuwa kazi ya namna ile. Mu karatasi ya ndoa yake wakamuandika kuwa mutu wa fizike.

Mu ile ofisi ya Amsterdam walikuwa watatu wenye kushirikiana karibu: Bram Loopstra na Carel Scholten walitengeneza mashini, Dijkstra aliandika programu. Kazi ilienda hivi. Mbele ya kuanza kujenga, waliandika mu karatasi namna mashini itatenda, neno kwa neno. Ile karatasi ilikuwa mapatano. Loopstra na Scholten walienda kujenga mashini yenye kufuata ile karatasi. Dijkstra alienda kuandika programu za mashini yenye bado haikuwa. Hakuweza kujaribu kitu. Mwenye kuandika programu bila mashini hawezi kusema tutaona mbele. Ni lazima ajue, kwa kichwa, kwamba kile chenye ameandika ni sawa. Ile tabia haikumutoka tena.

Wakati wa kufungua mashini yao yenye iliitwa ARMAC, mu 1956, walitaka kitu cha kuonyesha watu wenye hawakujua hesabu. Siku moja alikuwa ametembea mu muji pamoja na ule mwanamuke mwenye atamuoa, wakachoka, wakakaa inje ya kafe kunywa kahawa. Pale, mu dakika kama 20, bila karatasi wala kalamu, alipata namna ya kutafuta njia fupi kupita zote kati ya miji miwili. Akaionyesha na karta ya miji 64 ya Uholanzi. Leo programu za karta zinatumia mawazo yenye yalitoka mu ile hesabu. Kwake yeye ilikuwa kazi ya dakika 20. Ile ingine ilimukula miezi.

Tuingie mu ile ingine.

Shida ilikuwa hii. Mashini yao mupya, yenye iliitwa X1, iliweza kujumlisha namba mara zaidi ya 10,000 mu segonde moja. Lakini majibu yalipaswa kuandikwa na mashini ya kupiga herufi, na ile ilipiga herufi kama kumi mu segonde. Kila herufi, ordinatere ilipaswa kungojea. Ni sawa mutu mwenye mbio sana mwenye kutembea na muzee wa fimbo: anapiga hatua moja, anasimama, anangojea. Na ile mashini ilikuwa ya bei kali. Kila segonde ya kungojea ilikuwa falanga zenye kutupwa.

Njia moja ilikuwa kuambia programu iulize kila mara: umemaliza? umemaliza? Ukiuliza mara mingi, unapoteza wakati ku kuuliza. Ukiuliza mara kidogo, ile mashini ya herufi inakaa bure. Na mutu wa programu anapaswa kukumbuka kutia lile ulizo fasi yote mu hesabu zake, hata kama hesabu zenyewe hazina uhusiano na kuandika herufi.

Njia ya pili watu wa mugodi wa chini wanaijua. Mashinisti mwenye kushusha na kupandisha kaji haoni mwisho wa shimo. Hawezi kushuka kila dakika kuuliza kama watu wamekwisha kuingia. Iko kengele. Kengele ikilia, mapigo yake yanamuambia cha kufanya: simama, pandisha, shusha. Mbele ya kengele kulia, anaweza kufanya mambo mengine bila wasiwasi.

Njo Loopstra na Scholten, mu mwaka wa 1957 hivi, walikuja na mawazo ya kutia kengele mu X1. Ile mashini ya herufi ikimaliza, itapeleka alama mu waya. Ordinatere itaacha hesabu yake, itatoa herufi ingine, kisha itarudi ku hesabu. Wafundi wanaita ile kengele interupsio, maana yake kukatiza. Kule Marekani watu walikuwa wamekwisha kuijaribu mu mashini kidogo. Mumoja wao ni DYSEAC ya 1954. Wale wafundi wawili waliona ni kitu rahisi, waya kidogo tu.

Dijkstra akashikwa na woga.

Hakuwa mutu wa kuogopa mambo mupya. Tuangalie sababu yake. Mpaka ile siku, ordinatere zake zilikuwa na sifa moja: ukizipa kazi ileile, zinafanya hatua zilezile, hata mara mia. Kosa likiwa mule, litarudi kila mara fasi ileile, na mwenye kulitafuta atalipata. Lakini kengele inalia wakati yenyewe inataka. Leo italia kati ya hatua ya 500 na ya 501, kesho kati ya ya 502 na ya 503. Kazi moja haitapita tena njia moja mara mbili. Na kama kosa linaonekana tu wakati kengele imelia pale katikati ya hatua mbili fulani, inaweza kupita mwaka muzima bila kuonekana. Kisha siku moja linatokea, linaharibu, na wakati unakuja kutafuta, halirudi tena. Utaonyesha nani? Fundi atakuambia mashini ni muzima, na mashini itaonekana muzima kweli.

Watu wetu wanajua kosa la namna ile. Moteri inasimama usiku, mu saa mbaya. Asubuhi enjenyere anafika, moteri inawaka bila shida, na mwenye kuripoti anaonekana mwongo. Hakuna kosa lenye kuchosha roho kupita lile.

Dijkstra alikawisha ile shauri miezi mitatu. Mashini haikuweza kuendelea bila jibu lake, juu programu zote za kusemezana na ile mashini ya herufi zilikuwa juu ya mabega yake. Wenzake wawili hawakugombana naye. Walimusifu. Walimuonyesha kwamba kama iko mutu mumoja wa kuweza ile kazi, ni yeye. Yeye mwenyewe alikubali kisha miaka kwamba sifa zilimushinda. Akasema ndiyo, akakaa ku meza.

Ulizo lake la kwanza lilikuwa moja tu: inawezekana kuacha kazi fasi yote, wakati wowote, na kuirudia sawa vile hakuna kilipita? Mbele ya kulijibu, tueleze kengele inaitikwa namna gani, juu mpaka leo njo vile.

Kengele ikilia, mashini inamaliza kwanza hatua yenye iko mu mikono. Haiachi mutu na muguu moja hewani. Kisha inaandika fasi moja ya usalama namba ya hatua yenye ingefuata, na vitu vyote vyenye ilikuwa imeshika: jumla yenye bado haijaisha, alama za kusema kama jumla ilikuwa chini ya sifuri, na vingine. Wakati inaandika, inafunga mulango kusudi kengele ingine isiingie. Kisha inaenda ku programu fupi yenye kujua sababu ya ile kengele, inafanya kazi yake. Ikimaliza, inarudisha vitu vyote mu mikono sawa vilikuwa, inafungua mulango, inaendelea.

Ukisoma mbio, unaona ni sawa. Mutego uko mu hatua za mwisho. Tuseme mashini imefungua mulango lakini bado haijamaliza kurudisha vitu. Kengele ingine inaingia pale pale. Mashini inaandika tena vitu vyake mu ile fasi ya usalama, juu ya vile vya kwanza. Vya kwanza vimefutika. Hesabu ya kwanza haitapata njia ya kurudia kwao. Na ule wakati wa hatari ni mufupi sana, pengine sehemu moja ya segonde yenye kugawanywa mara maelfu. Unaweza kujaribu mashini mwezi muzima, kengele isianguke pale hata mara moja. Utatia sinyatire kwamba mashini ni muzuri. Utakuwa umetia sinyatire juu ya uwongo bila kujua.

Dijkstra aliangalia namna ya kwanza ya kuweka na kurudisha vitu. Akatafuta kuhakikisha kwa hesabu kwamba inafaa mu hali zote. Hakuweza. Alionyesha kinyume, kwamba haifai mu hali zote.  Mutu mwingine angesema, tujaribu, tutaona. Yeye hapana: ile namna ikaachwa, ikatengenezwa ingine, yenye aliweza kuonyesha kwa hesabu, hatua kwa hatua, kwamba kengele ilie wakati gani, kazi yenye ilikatizwa itarudia fasi yake bila kupoteza kitu. Njo ile iliingia mu X1. Miaka mingi kisha hapo, mu mashini za watu wengine, aliendelea kuona makosa mu kengele zao, na aliona sababu ni moja: wale hawakupita mu ile woga yenye yeye alipita.

Programu za kuitika kengele za X1 ziliwekwa mu memoari yenye haiwezi kuandikwa tena. Ikikwisha kutengenezwa, imekwisha. Kosa moja lingebaki mu kila mashini yenye kuuzwa. Mu Oktoba 1959 alipewa udaktari mu iniversite ya Amsterdam, na kitabu chake cha udaktari kilieleza ile kazi yote ya kusemezana na mashini.

Mu 1960, yeye na Jaap Zonneveld walitengeneza, ku ileile X1, programu ya kutafsiri luga mupya ya ALGOL 60, na walikuwa kati ya watu wa kwanza duniani kuimaliza. Walikuwa wameapa wasikate ndevu mpaka kazi iishe. Zonneveld akakata. Dijkstra alibaki na zake, na mu picha zake nyingi unamuona nazo.

Mu 1962 aliitwa kuwa profesere wa hesabu mu muji wa Eindhoven. Pale alikuta ulizo kubwa kupita lile la kwanza. Kama kengele moja inakatiza kazi moja, sawa. Lakini ordinatere mupya, X8, itapaswa kushika kazi za watu wengi pamoja, na mashini ya herufi, na msomaji wa karatasi, na ngoma ya kuwekea namba, kila kimoja na kengele yake. Kazi mbili zikitaka kutumia fasi moja wakati mumoja, nani atangojea?

Jibu alilipa jina la reli. Watu wetu wenye wamesafiri na mashua ya moshi, ao wenye baba zao walifanya kazi ya reli, wanajua ile mukono wa chuma juu ya nguzo: ukiwa chini ao juu, dereva anajua kama njia ni bure ao treni ingine iko mule. Mu kizungu inaitwa semafori. Semafori ya Dijkstra ni namba moja tu mu memoari ya mashini. Kazi yenye kutaka kupita inaipunguza. Kama njia haiko bure, inalala. Kazi yenye kutoka inaiongeza, na kama mwenzake alikuwa amelala ku mulango, anaamushwa. Ile kupunguza na ile kuongeza haziwezi kukatizwa katikati. Ni ileile woga ya X1, sasa imekuwa chombo cha kazi.

Alionyesha pia hatari ya pili. Tuseme mu njia nyembamba ya mugodi, vagoneti mbili zimekutana uso kwa uso. Ya kwanza inangojea ya pili irudi nyuma, ya pili inangojea ya kwanza. Hakuna mwenye kukosa, kila mumoja anafuata sheria, na kazi yote imekufa. Ordinatere inaweza kufa vile pia, bila kitu kuvunjika. Alifundisha namna ya kuweka sheria mbele, kusudi wasifike pale hata siku moja.

Pamoja na wenzake watano, wote wakitoa nusu tu ya wakati wao, alitengeneza ile programu kubwa ya kuongoza X8. Waliipa jina THE, herufi za kwanza za jina la shule yao. Aliieleza mu 1968, na karatasi ile inasomwa mpaka leo. Waliijenga kwa nivo, sawa mu mugodi wa chini kwenye kila nivo iko na namba yake. Mu nivo ya sifuri, ya chini kabisa, waliweka kengele ya saa. Ile saa inakatiza kazi yenye kuendelea, kusudi hata kazi moja isishike mashini peke yake na kunyima wengine. Nivo ya juu hazikujua kengele ile. Kila kazi iliona sawa vile iko na mashini yake yenyewe, ikifanya na kungojea. Kelele yote ilibaki chini, mu kiini, na waliijaribu kila nivo mbele ya kujenga ingine juu yake.

Matokeo: wakati wa kujaribu, walipata kosa moja hivi kwa kila mistari 500, na kila moja lilikuwa kosa la mukono, lenye kupatikana mu dakika 10. Yale makosa yenye hayarudi, yenye alikuwa ameogopa toka 1957, hawakuyaona. Lakini aliandika pia kosa lao wenyewe. Kwa muda murefu waliwazia mashini yenye vyombo vyote ni vizima, na wakati walianza kujiuliza itakuwa namna gani kama chombo kimoja kimekufa, walikuta magumu mingi. Tunapenda kwamba hakulificha.

Mambo yake ya kisha tutayapitia mbio. Mu 1968 aliandika barua fupi ya kukataa namna moja ya kurukaruka mu programu, na barua ile ilileta magomvi ya miaka. Mu 1972, akiwa na miaka 42, alipewa zawadi ya Turing, yenye ni kubwa kupita zote mu enformatike. Mu 1973 aliacha kazi ya kila siku ya shule, akabaki ku nyumba yake mu Nuenen, karibu na Eindhoven, akiandikia kampani Burroughs ya Marekani. Mu 1984 alihamia Texas, mu iniversite ya Austin, akafundisha mpaka 1999.

Mutu mwenye alifundisha ordinatere alikaa miaka mingi bila ordinatere yake mwenyewe. Aliandika na kalamu ya wino, mwandiko muzuri, na kila karatasi ilipata herufi za jina lake, EWD, na namba. Walizikopia na kuzituma kwa marafiki, na marafiki kwa wengine, sawa habari zenye kupita mulango kwa mulango. Mwisho zilipita 1,300.

Hatutamufanya malaika. Ulimi wake ulikuwa mukali. Mwalimu mwenzake akikosa, aliambiwa mbele ya watu wote. Wengi walimukasirikia, na wengine walisema kwamba mutu wa kuandika na wino hawezi kujua shida za wale wenye kufanya na mashini kila siku. Pengine walikuwa na haki kidogo. Lakini wenye walifundishwa naye walikumbuka kwamba alijihukumu yeye mwenyewe vilevile.

Mwanzoni mwa 2002, akiwa mugonjwa wa kansere, alirudi na bibi yake mu nyumba yao ya Nuenen. Alikufa pale tarehe 6 Agosti 2002. Alikuwa na miaka 72.

Leo mu telefone yenye tulianza nayo, kila mara kidole kinagusa kioo, kengele inalia mu kiini. Kila mara antene inapokea kitu, kengele. Saa yenyewe inalia mara mingi mu segonde. Wafundi wa leo wanafundishwa: itika mbio, fanya kidogo pale pale, kazi kubwa uiweke pembeni ingojee, kisha ufungue mulango. Ile telefone iko na kobalti mu betri yake, na kobalti mingi ya dunia inatoka mu udongo wetu. Kwa hiyo kazi ya mikono yetu na kazi ya kichwa chake zinalala mu sanduku moja dogo.

Na si telefone tu. Ordinatere zinaongoza sasa pompe za maji, vantilateri na mashini za kaji mu migodi mingi ya dunia. Fasi ile, kengele yenye haikuitikwa muzuri haipotezi wimbo. Inaweza kupoteza ekipe. Njo sababu tumeona muzuri kuandika juu ya miezi mitatu ya woga ya kijana mumoja wa Amsterdam. Watu wanatuambia mara nyingi kwamba mashini ni sawa juu walikwisha kuijaribu na haikufanya kitu. Dijkstra alitufundisha ulizo la kurudisha: mulijaribu, ndiyo, lakini munaweza kutuonyesha juu ya nini haiwezi kukosa?

Vijana wetu wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, wenye baba zao wanashuka chini ao wanapanda benne, wako wengi leo mu masomo ya enformatike. Siku ya ndoa yao, mwandishi wa serikali atawauliza kazi yao ni gani. Watasema wanaandika programu, naye ataandika bila kuuliza tena.